Milioni 6.5, milioni 6 au milioni 13? Kukokotoa kuponi ya hatifungani ya riba inayoelea kinyume

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhazini wa saccos moja hapa Moshi, na mwaka huu ninajiendeleza kimasomo. Tumepewa zoezi. Kuna hatifungani ya shilingi milioni 100 yenye riba inayoelea kinyume. Kuponi yake, yaani riba anayolipwa mwenye hatifungani, kwa mwaka ni asilimia 24 kutoa mara mbili ya kiwango rejea (riba ya soko inayofuatwa na hesabu), haiwezi kushuka chini ya sifuri, na inalipwa kila miezi sita, tarehe 15 Februari na 15 Agosti. Kiwango rejea ni Riba ya Benki Kuu. Kipindi kimeanza 15 Februari 2024 riba ikiwa asilimia 5.5, na Aprili ikapanda hadi 6. Malipo ya 15 Agosti ni kiasi gani? Mimi nimepata milioni 6.5, mwenzangu milioni 6, wa tatu milioni 13, na hakuna anayekubali kushindwa. Pia naomba kujua: kiwango rejea kikifika asilimia 13, hesabu inatoa namba hasi. Je, mwenye hatifungani anadaiwa? La mwisho, mjumbe mmoja wa bodi yetu ameanza kuuliza kama saccos inaweza kuweka fedha kwenye kitu cha namna hii. Nimjibu nini?

JIBU: Marahaba, mhazini. Picha ya daftari lako nimeiona, ile 6,500,000 uliyoizungushia kalamu nyekundu na kuiwekea alama ya kuuliza pembeni. Futa hiyo alama ya kuuliza. Kwa masharti yaliyozoeleka ya hatifungani hizi, jibu lako ndilo. Wa milioni 13 amekosea. Huyo wa milioni 6 msimwekee mkasi haraka, maana hesabu yake haina kosa. Zoezi lenu limeacha sentensi moja ambayo waraka wowote wa kweli hauwezi kuiacha, na bila sentensi hiyo wewe na yeye mnaweza kubishana hadi Agosti nyingine.

Tufuate kwanza hesabu yako. Hatifungani ya kawaida ya riba inayoelea huenda na soko: riba ikipanda, kuponi inapanda. Hii ya kwenu imegeuzwa. Kuna namba isiyobadilika, hapa asilimia 24. Kutoka humo unatoa kiwango rejea kikiwa kimeshazidishwa kwa kizidishi, hapa 2. Riba ikipanda, unachotoa kinakuwa kikubwa na kinachobaki kinapungua. Kwa kipindi kilichoanza 15 Februari 2024:

2 × 5.5 = 11
24 − 11 = 13, yaani asilimia 13 kwa mwaka
asilimia 13 ya 100,000,000 = 13,000,000 kwa mwaka
13,000,000 ÷ 2 = 6,500,000 kwa miezi sita

Angalia kwamba kizidishi kinakaa kwenye kiwango rejea peke yake. Wapo wanaotoa kwanza, 24 toa 5.5, wanapata 18.5, halafu wanazidisha kwa mbili na kuondoka na asilimia 37. Kuponi ya hatifungani hii haiwezi kamwe kuzidi 24 endapo kiwango rejea hakijashuka chini ya sifuri, kwa hiyo ukiona namba kubwa kuliko 24, rudi mstari wa kwanza.

Mwenzenu wa milioni 13 aliishia mstari wa tatu. Viwango kwenye masharti ya hatifungani huandikwa kwa mwaka, hata kama malipo ni kila miezi sita au kila miezi mitatu, na yeye amelipa kuponi ya mwaka mzima kwa nusu mwaka. Kosa hilo angalau linaonekana. Lipo la jamii hiyohiyo ambalo ni hatari zaidi, kwa sababu linatoa jibu lenye sura ya kuaminika: mtu anakumbuka kugawa kwa mbili, ila anaigawa asilimia 24 peke yake. Anapata 12, anatoa 11 ambayo bado ni ya mwaka, anabaki na asilimia 1 na kuandika shilingi milioni 1. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wakae na viwango vya mwaka mwanzo hadi mwisho, na kugawa kuwe kitu cha mwisho kabisa, kuponi ya mwaka ikishapatikana.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe, wako na wa huyo wa milioni 6. Yeye amechukua asilimia 6, kiwango kilichokuwepo siku ya malipo: 24 toa 12 ni 12, nusu yake ni 6, basi milioni 6. Wewe umechukua 5.5, kilichokuwepo siku kipindi kilipoanza. Kanuni ni ileile na kalkuleta ni ileile, lakini mmetofautiana laki tano nzima kwenye malipo ya mara moja. Kinachowatenganisha ni tarehe ya kupanga riba, na hiyo ndiyo sentensi iliyoachwa kwenye zoezi.

Utaratibu uliozoeleka kwa miaka mingi ni kupanga mwanzoni. Siku chache za kazi kabla ya kipindi kuanza, mara nyingi mbili, wakala aliyepewa jukumu la ukokotoaji anaangalia kiwango rejea, anakiandika, na kuponi ya kipindi chote inafungwa hapohapo. Benki Kuu ikipandisha riba mwezi unaofuata, malipo haya hayaguswi. Mabadiliko yanasubiri kipindi kijacho. Kwa utaratibu huo, Agosti 2024 unalipwa milioni 6.5. Kipindi kinachoanza 15 Agosti 2024 kinapangwa kwa asilimia 6, kwa hiyo kuponi ya Februari 2025 ni milioni 6. Yaani mwenzako amekokotoa kwa usahihi kabisa kuponi ya kipindi kinachofuata.

Na mkitaka kuendelea na zoezi kwa namba za kweli, endeleeni. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutumia Riba ya Benki Kuu kama chombo chake kikuu cha sera ya fedha Januari 2024 kwa asilimia 5.5, ikaipandisha hadi 6 Aprili mwaka huohuo, ikakaa hapo zaidi ya mwaka mmoja, kisha Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75. Kipindi kilichopangwa Februari 2025 kinatoa tena milioni 6 mwezi Agosti. Kile kilichopangwa Agosti 2025 ni 24 toa 11.5, asilimia 12.5, nusu yake milioni 6.25, inayolipwa Februari 2026. Unaona jinsi malipo yanavyochelewa nyuma ya habari: riba imepanda Aprili, mwenye hatifungani ameanza kuisikia mfukoni Februari ya mwaka unaofuata. Mhazini anayepanga mtiririko wa fedha anapaswa kuufahamu ucheleweshaji huo, kwa sababu unampa muda wa kujiandaa.

Ila upo utaratibu mwingine, na siku hizi si wa pembeni tena. Vitabu vingi mnavyosomea bado vinatoa mifano kwa LIBOR, kiwango cha London kilichotajwa kwenye mikataba ya dunia nzima kwa miongo kadhaa. LIBOR ilikuwa ya kipindi kinachokuja: leo unatangaziwa kiwango cha miezi mitatu au sita ijayo, kwa hiyo kupanga mwanzoni kulikuwa jambo la kawaida. Baada ya kubainika kwamba baadhi ya mabenki yalikuwa yakiichezea, ikafungwa kwa awamu, na ya dola ikakoma kutangazwa kwa utaratibu wake wa zamani tarehe 30 Juni 2023. Mahali pake kwenye dola imekaa SOFR, inayotangazwa na Benki ya Akiba ya New York tangu 2018. Hii ni riba ya mikopo ya usiku mmoja. Hauwezi kujua leo riba za usiku za miezi sita ijayo, kwa hiyo mikataba mingi huzikusanya siku hadi siku na kuponi inajulikana kipindi kikikaribia kuisha.

Tuipitishe hatifungani yenu humo tuone inatoka na nini. Kuanzia 15 Februari hadi 15 Agosti 2024 ni siku 182. Tuchukulie kiwango kipya kilianza kuhesabiwa tarehe 4 Aprili. Hapo tuna siku 49 za asilimia 5.5 na siku 133 za asilimia 6. Wastani wake ni 49 mara 5.5, jumlisha 133 mara 6, yote gawa kwa 182: unapata asilimia 5.8654. Zidisha kwa mbili ni 11.7308. Toa kwenye 24, inabaki asilimia 12.2692 kwa mwaka, na nusu yake kwenye milioni 100 ni shilingi 6,134,615. Kwa hiyo sasa kuna jibu la nne mezani, nalo ni sahihi kama waraka unasema wastani. Iko kati ya yako na ya mwenzako, karibu zaidi na ya mwenzako, kwa sababu sehemu kubwa ya kipindi ilipita kwenye asilimia 6.

Wastani unaleta swali jingine ambalo watu hawalioni hadi siku limewaumiza: sakafu ya sifuri, yaani lile sharti la kuponi kutoshuka chini ya sifuri, inawekwa lini? Chukua kipindi ambacho nusu ya siku kiwango rejea ni 11 na nusu nyingine ni 13. Ukitafuta wastani kwanza unapata 12, mara mbili ni 24, kuponi ni sifuri, hupati kitu. Lakini kama masharti yanakokotoa kuponi ya kila siku na kuweka sakafu kila siku, zile siku za 11 zinatoa asilimia 2 na zile za 13 zinatoa sifuri badala ya hasi 2. Wastani wake ni asilimia 1 kwa mwaka, yaani shilingi laki tano kwa miezi sita. Waraka uleule, namba zilezile, na laki tano zinapatikana au zinapotea kwa sababu ya mahali neno moja lilipowekwa kwenye sentensi. Ukikutana na hatifungani ya namna hii inayotumia wastani, hilo ndilo jambo la kwanza la kuuliza.

Kuhesabu siku nalipita kwa haraka, ila usiliache kabisa. Umegawa kwa mbili, na hiyo ni sawa kama masharti yanachukulia kila mwezi una siku 30 na mwaka una siku 360. Kama yanahesabu siku halisi juu ya 365, malipo ni 13,000,000 mara 182 gawa kwa 365, yaani 6,482,192. Kama ni siku halisi juu ya 360, desturi ya soko la fedha la dola, ni 6,572,222. Tofauti ya hizo mbili ni kama elfu tisini. Kwa milioni 100 unaweza kuona ni ndogo. Kwa bilioni kumi ni milioni tisa kila nusu mwaka.

Kwa hiyo sentensi ambayo ningependa kuiona kwenye zoezi lenu ingesomeka takriban hivi: "Kiwango rejea kwa kila kipindi cha riba ni Riba ya Benki Kuu inayotumika siku ya pili ya kazi kabla ya siku ya kwanza ya kipindi hicho, na riba itakokotolewa kwa mwaka wa siku 360 wenye miezi 12 ya siku 30." Ikiwepo hiyo, milioni 6.5 haina mpinzani. Haipo, basi iandike wewe. Weka jibu lako, na chini yake andika kwamba umechukulia riba inapangwa mwanzo wa kipindi na siku zinahesabiwa hivyo. Huko makazini ndivyo tunavyofanya: jibu lisiloeleza limechukulia nini halipokelewi.

Nitoke kidogo kwenye kalkuleta, maana swali lako la pili, la kudaiwa, linajibika vizuri zaidi ukijua hizi hatifungani zinatoka wapi. Hakuna aliyekaa akaota asilimia 24 na mara mbili. Kwa kawaida namba hizo zinatokana na kugawanywa kwa hatifungani ya kawaida yenye kuponi isiyobadilika.

Chukua ndugu wawili waliorithi fremu ya duka karibu na stendi ya Moshi, na mpangaji analipa kodi ileile kila mwezi. Wakakubaliana mkubwa achukue kiasi kinachofuata bei ya sokoni, mdogo achukue kinachobaki. Mpangaji haongezi wala hapunguzi. Mkubwa akipata zaidi, mdogo anapata pungufu kwa kiasi hichohicho.

Mdogo ndiye hatifungani yenu. Tuweke namba. Kuna hatifungani mama ya milioni 300 yenye kuponi ya asilimia 8, kwa hiyo inaingiza milioni 24 kwa mwaka, iwe jua iwe mvua. Igawe vipande viwili: cha milioni 200 chenye riba inayoelea, kinacholipwa kiwango rejea kama kilivyo, na cha milioni 100 kinacholipwa chochote kilichobaki. Kiwango rejea kikiwa 5.5, kipande cha kwanza kinachukua milioni 11 na cha pili milioni 13. Kikiwa 6, wanapata milioni 12 kila mmoja. Jumla ni 24 siku zote. Na ukiandika kinachobaki kama asilimia ya milioni 100, unapata 24 toa mara mbili ya kiwango rejea. Hiyo ndiyo kanuni ya zoezi lenu, na sasa unajua kila namba imetoka wapi. Kizidishi 2 ni milioni 200 gawa kwa milioni 100, ukubwa wa kipande kinachoelea dhidi ya kile cha kinyume. Na 24 ni kuponi ya mama, 8, mara 3, kwa sababu kipande cha milioni 100 kimebeba mgongoni milioni 300.

Sasa kiwango rejea kikifika 13. Kipande kinachoelea kingetaka milioni 26 na mfuko una 24 tu. Milioni 2 za ziada zitoke wapi? Kwa mwenye kipande cha kinyume? Hapana. Aliyenunua hatifungani ameshatoa fedha yake yote siku ya kununua, na masharti yanaweka sakafu ya sifuri kwenye kuponi yake. Kinachofanyika ni kuwekea dari kipande kinachoelea: hakilipwi zaidi ya asilimia 12, kwa sababu asilimia 12 ya milioni 200 ni milioni 24, mfuko wote. Sakafu ya mmoja ni dari ya mwenzake.

Kwa hiyo jibu: kiwango kikiwa 12, 13 au 20, kuponi ni sifuri na hakuna anayekudai. Ile hasi 2 haihamishiwi kipindi kijacho pia, isipokuwa waraka umesema hivyo waziwazi. Kama 15 Februari kiwango ni 13 na 15 Agosti kimeshuka hadi 10, kipindi cha kwanza unapata sifuri na cha pili unapata kuponi kamili ya asilimia 4 kwa mwaka, milioni 2 kwa miezi sita. Tahadhari moja tu: kanuni hiihii ikiandikwa ndani ya mkataba wa kubadilishana riba, na si ndani ya hatifungani, namba hasi inaweza kuwa deni la kweli. Ndiyo sababu nataka mtu ajue anasaini nini kabla ya kukokotoa chochote.

Upande wa pili wa namba nao upo. Kiwango rejea kinaweza kwenda chini ya sifuri. Benki Kuu ya Ulaya iliweka riba yake ya amana chini ya sifuri kuanzia Juni 2014 hadi Julai 2022, na Japani ikafanya hivyo kuanzia 2016 hadi Machi 2024. Kwa kiwango rejea cha hasi 0.5, kanuni yenu inatoa asilimia 25, yaani zaidi ya ile namba isiyobadilika. Mtoaji asiyetaka kulipa hiyo huandika kwamba kiwango rejea hakitahesabiwa chini ya sifuri, na hapo 24 inakuwa dari. Kwa shilingi sioni hilo likitokea, lakini mtahini anaweza kuuliza.

Nakuja kwa mjumbe wa bodi yenu, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko kwingine kote, kwa sababu hapa kuna fedha za wanachama.

Kwanza, kwenye minada ya dhamana za serikali inayoendeshwa na Benki Kuu hatakuta kitu hiki. Hatifungani zinazouzwa pale, za miaka 2 hadi 25, zina kuponi isiyobadilika inayolipwa kila miezi sita. Anachokizungumzia ni bidhaa ya masoko ya nje, hasa Marekani, kwa hiyo juu ya hatari nyingine zote anaongeza ya dola.

Pili, hata tukijifanya kwamba hatifungani ya zoezi lenu ipo, iweke kando ya ile ya miaka 25. Mwaka 2022 viwango vilivyoshushwa viliifikisha kuponi ya miaka 25 kwenye asilimia 12.56. Kwa milioni 100 hiyo ni shilingi milioni 6.28 kila nusu mwaka, bila kumwuliza mtu. Ya kinyume inatoa 6.5 kiwango rejea kikiwa 5.5, inatoa 6.25 kikiwa 5.75, na 6 kikiwa 6. Zinalingana kiwango rejea kikiwa asilimia 5.72. Yaani kwa matumaini ya kupata laki mbili na elfu ishirini zaidi kila miezi sita, unakubali kwamba kila riba inapopanda robo asilimia unapoteza laki mbili na nusu. Mjumbe aone namba hizo nne kwenye ubao kabla hajaendelea.

Tatu, na hili ndilo zito. Kuponi ndiyo inayoonekana, kwa hiyo watu huitazama hiyo peke yake. Bei ndiyo inayovunja. Rudi kwenye hatifungani mama ya milioni 300, tuseme ni ya miaka 10. Riba za soko zikipanda kutoka asilimia 8 hadi 9, bei ya hatifungani ya namna hiyo inashuka kwa takriban asilimia 6.5. Kwa milioni 300 ni milioni 19.5 zimepotea. Sasa nani kazipoteza? Kipande kinachoelea bei yake inabaki karibu palepale, kwa sababu kuponi yake inapanda pamoja na soko. Hasara yote inamwangukia wa milioni 100. Amepoteza karibu asilimia 20 ya thamani ya alichonunua, kwa riba kupanda kwa asilimia moja tu. Kuponi yake yenyewe imepungua milioni 1 kwa nusu mwaka, na huenda mhazini anaangalia hiyo milioni 1 na kusema si mbaya sana, huku vitabu vikificha milioni 19 na nusu. Akiishikilia hadi iive atarudishiwa milioni 100 zake. Lakini saccos ambayo wanachama wanakuja Januari kuomba mikopo ya ada za shule haina uhakika wa kushikilia chochote miaka 10.

Hili limeshatokea kwa watu wazito. Orange County, jimboni California, ilikuwa na mfuko wa pamoja wa fedha za halmashauri, shule na mamlaka za maji, ukisimamiwa na mweka hazina Robert Citron. Mfuko ulikuwa na kama dola bilioni 7.5 za wenyewe, akakopa juu yake hadi uwekezaji ukafika karibu bilioni 20, na sehemu ya uwekezaji huo ilikuwa hatifungani za riba inayoelea kinyume. Kwa miaka kadhaa riba zilikuwa zinashuka na mfuko ukawa unalipa vizuri kuliko mifuko mingine, kwa hiyo waliohoji hawakusikilizwa. Mwaka 1994 benki kuu ya Marekani ikapandisha riba mara sita, kutoka asilimia 3 hadi 5.5. Tarehe 6 Desemba 1994 Orange County ikaomba ulinzi wa mahakama kama muflisi, hasara ikiwa zaidi ya dola bilioni 1.6. Ni haki kusema kwamba mkopo ule ndio uliolifanya pigo liwe kubwa kiasi hicho, si hatifungani za kinyume peke yake. Lakini kipande cha kinyume kina mkopo ndani yake tayari. Ile milioni 100 iliyobeba milioni 300 ndiyo hiyo. Citron alikopa juu ya kitu kilichokuwa kimeshakopa.

Hizi hatifungani zina matumizi yake. Taasisi ambayo mapato yake mengine yanapanda riba zikipanda, kama benki yenye mikopo mingi ya riba inayoelea, inaweza kununua kidogo ili upande mmoja ukishuka mwingine upande. Saccos yenu haiko hivyo. Mkopo mnaowapa wanachama una riba iliyopangwa na mkutano mkuu na haifuati Benki Kuu, kwa hiyo hakuna upande wa pili wa kusawazisha.

Mwambie mjumbe, kwa heshima zote, kwamba swali lake ni zuri na jibu ni hapana. Kama bodi ina fedha ambazo kweli hazitahitajika kwa miaka mingi, zipo hatifungani za serikali za kuponi isiyobadilika, na maombi hupitia benki au dalali aliyeidhinishwa. Kama fedha zitahitajika ndani ya mwaka, zipo dhamana za muda mfupi hadi siku 364. Na ikitokea mtu amekuja ofisini kwenu na karatasi ya hatifungani ya kinyume, usikubali kurasa za picha na grafu peke yake. Omba kurasa za masharti, tafuta tarehe ya kupanga riba, kizidishi na sakafu, kisha kokotoa kuponi ya kiwango rejea cha leo, cha leo jumlisha 2, na cha leo jumlisha 5. Nitumie hizo kurasa na hesabu zako kabla ya kikao cha bodi, nitazipitia.